Eddie Robinson, Mwalimu Asiyehama

Ndugu msomaji, iko miji ambayo mtu akipelekwa kufanya kazi hujiona amesahauliwa. Kwetu sisi watu wa pwani, mmoja katika miji hiyo ni Lodwar. Ukitoka Mombasa kwa basi utalala njiani. Utaipita Nairobi, uipite Eldoret na Kitale, uteremke milima ya Pokot, kisha uingie katika nchi tambarare ya mawe, migunga na jua kali. Waingereza waliitumia nchi hii kuwa pahala pa kuwatupa watu wasiotaka waonekane. Mzee Jomo Kenyatta alipomaliza kifungo chake cha Lokitaung mwaka 1959 hakurudishwa kwao. Aliwekwa Lodwar, akakaa hapo chini ya ulinzi mpaka 1961. Bendera ilipobadilika, desturi haikubadilika sana. Kwa miaka mingi karani aliyekosana na mkubwa wake, au askari aliyesema neno lisilopendeza, aliogopa kuamka akapokea barua ya kuhamishiwa Turkana.

Kwa hivyo mwana wa dada yangu alipopata kazi ya kusomesha hesabu katika chuo kimoja huko Lodwar, mamake aliipokea habari ile kama mtu aliyeletewa tanzia. Nilimtuliza kwa kumwahidi kwamba nitakwenda kumwangalia kijana kwa macho yangu mwenyewe. Ahadi ni deni, na deni hilo nimelilipa mwaka huu.

Nimeuona mji, na nakiri kwamba tumeusingizia mengi. Uko mto Turkwel, na kandoni mwake imesimama mikoma ile ile tunayoijua kwetu. Iko misikiti, na Ijumaa nilisali bega kwa bega na watu wa kila kabila. Tangu 2013 Lodwar ni makao makuu ya kaunti, na biashara imechangamka. Mpwa wangu nilimkuta na afya, alhamdulillahi, lakini amekonda. Lililomkondesha si jua wala vumbi. Ni kandanda.

Alipofika chuoni, wakubwa waliuliza ni nani kati ya walimu wapya aliyewahi kucheza mpira. Kijana akainua mkono, maana utotoni mwake alicheza sana katika viwanja vya mchanga vya Mombasa. Siku hiyo hiyo akakabidhiwa timu, na timu yenyewe ilikuwa taabani. Mwalimu aliyemtangulia alikuwa amekwenda zake. Wachezaji wazuri walikuwa wamemaliza masomo. Viatu havikutosha, hata anayetoka uwanjani ilimbidi amvulie anayeingia. Mipira ilikuwa miwili tu, na kila wiki mmoja huchomwa na miiba ya mathenge. Walikuwa wamecheza mechi saba chini ya uongozi wake, wala hawajashinda hata moja.

Mechi ya nane ilikuwa Kakuma, nami nikafuatana nao. Kakuma ni mwendo wa kilomita kama 120 kutoka Lodwar, katika barabara ya kwendea Lokichoggio na Sudan Kusini. Kambi ya wakimbizi ya huko ilifunguliwa mwaka 1992, walipowasili maelfu ya wavulana waliovikimbia vita vya Sudan na kutembea kwa miguu nchi baada ya nchi. Leo wamo kambini Wasudani, Wasomali, Wakongo, Warundi, Waethiopia na wengineo. Vijana wa kambini waliocheza nasi, wengi wao peku, walitufunga mabao matano kwa bila.

Njia nzima ya kurudi hapana aliyesema neno. Nilijua kilichokuwa kikimchoma mpwa wangu. Miezi yote ile alikuwa akiulaumu uhaba wa viatu, na siku hiyo amefungwa na watu wasiokuwa na viatu kabisa.

Tulipofika kwake alinitolea karatasi. Ilikuwa barua ya kuomba uhamisho, arudi pwani. Kwa kuwa mimi ni mwandishi, alinitaka niitengeneze lugha yake kabla hajaipeleka. Sikuikataa kazi ile wala sikuianza. Nilimwomba anipe usiku mmoja. Na usiku ule, tukiwa tumekaa juu ya mkeka uani kwa ajili ya joto, nikamsimulia maisha ya mtu mmoja. Maisha hayo ndiyo ninayokusimulia nawe leo.

Habari za mtu huyo nilizipata mara ya kwanza mwishoni mwa mwaka 1985, nikiwa kijana wa miaka 16. Siku hizo manowari za Kimarekani zilikuwa zikitia nanga Kilindini, na mabaharia wao wakitembea mitaani. Mmoja wao, mweusi kama mimi, aliingia katika mkahawa wa jirani yetu akaketi kula mahamri na mbaazi, naye amevaa fulana yenye neno Grambling. Nilimuuliza kama hiyo ni chapa ya sigara. Alicheka sana, kisha akanieleza kwamba ni chuo cha kwao, chuo cha watu weusi, na kwamba mwaka ule ule mwalimu wa timu ya chuo hicho amewapita walimu wote wa Marekani kwa kushinda mechi. Jina la mwalimu ni Eddie Robinson. Tangu siku ile nimekuwa nikizikusanya habari zake, kidogo kidogo, kama mtu aokotaye kauri ufuoni.

Robinson alizaliwa tarehe 13 Februari 1919 katika mji mdogo wa Jackson, jimbo la Louisiana, kusini mwa Marekani. Babake alikuwa mkulima wa pamba asiyekuwa na shamba. Alilima ardhi ya mtu mwingine kwa kugawana mavuno, na katika ugavi wa namna ile mwenye ardhi hakosi na mwenye jembe hapati. Mamake alifanya kazi katika nyumba za watu. Ulikuwa wakati ambapo mtu mweusi wa kusini mwa Marekani alitengewa shule yake, mlango wake, kiti chake na bomba lake la maji. Utumwa ulikuwa umefutwa kisheria zaidi ya miaka 50 nyuma, lakini mashamba yalikuwa yale yale.

Alilelewa katika mji wa Baton Rouge, akasoma hapo katika shule ya sekondari ya McKinley, kisha akaingia chuo cha Leland, chuo kidogo cha watu weusi. Hapo aliucheza mpira wa Kimarekani. Sharti nieleze, maana mpira huo si kandanda yetu. Gozi lake ni refu na lina ncha mbili. Hubebwa kwa mikono na kurushwa hewani. Wachezaji ni 11 kila upande, nao huvaa kofia ngumu na makinga ya mabega, wakaparamiana kama mafahali wa zizi moja. Ushindi ni kuufikisha mpira katika eneo la mwisho la wapinzani. Yuko mchezaji mmoja, kwotabeki, ambaye huupokea mpira kwanza, akaamua kwa dakika ya kufumba na kufumbua ampe nani au amrushie nani. Huyo ni kama nahodha wa chombo. Robinson alikuwa kwotabeki wa Leland. Mwalimu wa timu ile, Reuben Turner, alikuwa mhubiri, na ndiye aliyemfungua macho kijana yule kwamba kufundisha mchezo ni elimu yenye kanuni zake, ya kusomewa na kuandikiwa.

Alimaliza masomo mwaka 1941, na mwaka huo huo akamwoa Doris Mott, mpenzi wake wa tangu ujana. Shahada alikuwa nayo, kazi hakuwa nayo. Akaingia katika kiwanda cha kusaga chakula cha mifugo, Baton Rouge, kwa ujira wa senti 25 za dola kwa saa. Fikiri, ndugu msomaji: kijana msomi, bwana harusi, anabeba magunia mchana kutwa akirudi nyumbani amejaa vumbi. Ndipo jamaa mmoja wa mkewe alipowaletea habari kwamba kaskazini mwa jimbo, katika kijiji kiitwacho Grambling, kiko chuo kinachotafuta mwalimu wa michezo.

Chuo chenyewe kilikuwa cha kufunzia walimu na ufundi, cha watu weusi, kimezungukwa na misonobari na udongo mwekundu, mbali na kila kitu. Ilikuwa Lodwar ya watu wa Louisiana. Mkuu wake, Ralph Waldo Emerson Jones, alikuwa mtu wa ajabu kidogo, kwani yeye mwenyewe ndiye aliyefundisha timu ya besiboli. Alimchukua Robinson akiwa na umri wa miaka 22, kwa mshahara wa dola 63 na senti 75 kwa mwezi.

Kwa mshahara huo hakupewa kazi moja. Alifundisha mpira wa Kimarekani na mpira wa vikapu, wa wanaume na wa wanawake. Nyasi za uwanja alizikata yeye, na mistari akaichora yeye. Vifundo vya miguu ya wachezaji alivifunga bendeji yeye. Mechi ikiisha, aliketi akaandika habari zake mwenyewe na kuzipeleka magazetini, maana hakuna gazeti lililomtuma mtu Grambling. Na timu iliposafiri, usiku wake alikuwa jikoni akitengeneza mikate ya kula njiani. Vijana wake hawakuruhusiwa kuingia katika mikahawa ya Wazungu iliyokuwa barabarani, hata wakiwa na fedha mkononi.

Msimu wake wa kwanza, mwaka 1941, alishinda mechi tatu akafungwa tano. Hapo nilimwona mpwa wangu akiinua kichwa.

Hakukata tamaa wala hakutafuta pa kwenda. Alirudi uwanjani akawafundisha vijana wale wale mambo madogo madogo: namna ya kusimama, namna ya kuanguka, mguu upi utangulie. Alikuwa mtu wa kurudia. Jambo likikosewa hulirudia, na likipatiwa hulirudia pia ili lisisahauliwe. Msimu wa pili, mwaka 1942, walicheza mechi tisa wakashinda zote tisa, na katika mechi zote hizo hapana mpinzani aliyepata hata pointi moja. Hayo aliyatenda kijana wa miaka 23, na hazina ya chuo ilikuwa vile vile, tupu.

Kisha vikaja vita. Wanafunzi wakaitwa jeshini, na misimu ya 1943 na 1944 chuo hakikuwa na timu. Robinson akaenda kufundisha timu ya shule ya sekondari hapo hapo Grambling. Inasimuliwa kwamba katikati ya msimu mzee mmoja aliwatoa wanawe timuni, kwa kuwa pamba yake imeiva na hana wa kuichuma. Mwalimu hakugombana na mzee. Mwana wa mkulima wa pamba anajua pamba iliyoiva haina subira. Aliichukua timu nzima akaingia nayo shambani, wakaichuma pamba ya mzee mpaka ikaisha. Wale vijana wakarudi uwanjani, na timu ikachukua ubingwa.

Vita vilipokwisha, timu ya chuo ikaanza upya. Chuo chenyewe kikabadilishwa jina mwaka 1946, kikawa Grambling College, na mwaka 1974 kikawa chuo kikuu. Mwaka 1949 mmoja wa vijana wake, Paul Younger, aliyejulikana kwa jina la Tank, yaani kifaru, alichukuliwa na timu ya Los Angeles Rams. Kabla yake hakuna mchezaji aliyetoka katika chuo cha watu weusi akaingia katika ligi kuu ya kulipwa. Robinson alijua, na kijana alijua, kwamba akishindwa yule mmoja mlango utafungwa kwa wote. Hakushindwa. Wakafuata wengine, wakawa kumi, wakawa mia; mwisho waliotoka mikononi mwa Robinson kwenda kucheza kwa kulipwa walizidi 200. Mwaka 1963 Buck Buchanan aliteuliwa wa kwanza katika wachezaji wote waliochaguliwa na ligi ya AFL.

Lakini nafasi moja ilibaki imefungwa, nayo ni ya kwotabeki. Wenye timu walisadiki kwamba mtu mweusi ana mbio na ana nguvu, ila hana akili ya kuongoza wenzake. Robinson, aliyeicheza nafasi hiyo, alikata shauri kuwalea vijana wa kuuvunja uongo huo. Wa kwanza alikuwa James Harris, ambaye mwaka 1969 aliufungua msimu akiwa kwotabeki wa Buffalo Bills. Wa pili alikuwa Doug Williams. Tarehe 31 Januari 1988, katika mchezo wa kuamua ubingwa wa Marekani, Williams aliiongoza timu ya Washington kuipiga Denver 42 kwa 10, akatangazwa mchezaji bora wa siku ile. Alikuwa kwotabeki mweusi wa kwanza kuucheza mchezo huo tangu mwanzo, na wa kwanza kuushinda. Mzee wake alikuwa bado yuko Grambling, akifundisha namna ya kusimama na namna ya kuanguka.

Watu humsifu kwa mpira, lakini wanafunzi wake wengi hawakuwa wachezaji wa kulipwa, na hao pia aliwalea. Asubuhi na mapema alipita mabwenini na kengele mkononi, kengele ya kuvishwa ng'ombe, akiwaamsha wanafunzi waende darasani. Aliwafundisha kuvaa tai, kula mezani kwa adabu, na kuzungumza na wakubwa. Yeye mwenyewe hakuacha kusoma. Likizo alikwenda kwenye mafunzo ya makocha, na mwaka 1954, akiwa mtu mzima mwenye jina, alipata shahada ya pili katika chuo kikuu cha Iowa.

Wala si kwamba hakulaumiwa. Katika miaka ya 1960, damu za vijana weusi wa Marekani zilipokuwa zikichemka, wapo waliomwona mpole kupita kiasi. Mwaka 1967 wanafunzi wa Grambling waliandamana, wakilalamika kwamba chuo kinautukuza mpira kuliko masomo. Lawama hiyo haikuwa bure, kwani jina la chuo lilikuwa limebebwa na gozi. Mwaka uliofuata timu yake ilicheza New York, katika uwanja wa Yankee, dhidi ya Morgan State, mbele ya watu zaidi ya 60,000. Ilifungwa 9 kwa 7, lakini chuo cha kijijini kikajulikana Marekani nzima. Mwaka 1976 timu hizo mbili zilikwenda kucheza Tokyo, Ujapani.

Tarehe 5 Oktoba 1985, mjini Dallas, Grambling waliifunga Prairie View 27 kwa 7. Ulikuwa ushindi wa 324 wa Robinson, naye akampita Bear Bryant, Mzungu wa Alabama, aliyekuwa na 323. Huo ndio ushindi uliomfanya baharia yule acheke kwa furaha mbele ya sahani ya mbaazi Mombasa. Mwaka 1995 mzee akaufikia ushindi wa 400, jambo ambalo hakuna mwalimu wa chuo aliyelifikia kabla yake.

Hapa nilinyamaza kidogo, maana kilichobaki si kitamu. Kukaa sana nako kuna gharama zake. Msimu ule ule wa 1995 Grambling walifungwa mechi nyingi kuliko walizoshinda. Mwaka 1996 walishinda tatu, wakafungwa nane. Watu wa chuo, baadhi yao waliolelewa naye, wakataka aondolewe. Wengine wakaona ni aibu, na wakubwa wa jimbo wakaingilia kati, akapewa mwaka mmoja wa kuagia. Mwaka huo wa 1997 nao alishinda tatu, akafungwa nane. Mechi yake ya mwisho, mjini New Orleans dhidi ya Southern University, alifungwa. Alianza na ushindi wa mechi tatu, akamaliza na ushindi wa mechi tatu. Kati ya tatu hizo mbili ziko zingine 402, kwani jumla yake ni ushindi 408, kufungwa 165, na sare 15. Mwaka 2003 John Gagliardi wa Minnesota aliipita hesabu yake ya ushindi.

Baada ya kustaafu alishikwa na maradhi ya kusahau. Mtu aliyejua jina la kila kijana, na jina la mamake, na kosa alilofanya katika mechi ya miaka 30 nyuma, akawa anayapoteza moja baada ya moja. Mkewe Doris alikuwa pembeni yake. Alikuwa akipenda kusema kwamba rekodi yake ya haki ni kuwa na mke mmoja na kazi moja. Alifariki tarehe 3 Aprili 2007, akiwa na miaka 88. Mwili wake ulilazwa katika jengo la bunge la jimbo, Baton Rouge, watu wapite kumuaga. Mji ule ule alimobeba magunia kwa senti 25 kwa saa.

Nilipomaliza, usiku ulikuwa umekwenda sana. Mpwa wangu aliniuliza maswali mawili. La kwanza, je, Robinson angalihama baada ya msimu ule wa mechi tatu, si angalipata chuo kikubwa zaidi na jina kubwa zaidi? Nilimjibu kwamba siku zile hapakuwa na chuo cha Wazungu kusini mwa Marekani ambacho kingalimpa timu mtu mweusi. Aliyokuwa nayo ndiyo aliyokuwa nayo, akaikuza mpaka wakubwa wakaja kubisha hodi kwake. La pili lilikuwa gumu zaidi. Aliniuliza mtu atajuaje wakati wa kuondoka, ikiwa hata Robinson hakuujua. Hilo sikuweza kumjibu. Nilimwambia tu kwamba mtu hawezi kuchelewa kuondoka pahala ambapo hajafika bado. Na kwa nionavyo mimi, yeye Lodwar hajafika. Mwili umefika, sanduku limefika, lakini moyo bado uko Mombasa ukingojea barua ijibiwe.

Simlaumu, wala simlaumu mtu yeyote aombaye uhamisho. Wako wenye wazazi wagonjwa, wako wenye wake na watoto mbali, na sheria imewapa haki hiyo. Ila nawafikiria wale vijana wa chuo. Wameshazoea kuachwa. Kila mwalimu ajaye kwao huja akiangalia saa, nao huliona jambo hilo kabla hajafungua kinywa. Mtoto anayejua kwamba mwalimu wake anaondoka kesho, kwa nini leo ajifunze namna ya kusimama?

Nilipoamka kwa sala ya alfajiri nilimkuta kijana kitandani hayupo. Nikatoka nje. Alikuwa uwanjani na reki na mkokoteni wa mkono, akikusanya miiba ya mathenge, na vijana wawili wa timu wakimsaidia. Nilishika reki ya pili. Tulifanya kazi mpaka jua likatukatalia.

Barua ile imekuja nami Mombasa mkobani, haikusahihishwa. Kama ameandika nyingine, ni yake na ni haki yake. Nililolisikia ni kwamba mechi ya tisa wametoka sare, bao moja kwa moja, na kwamba ameanza kuandika habari za mechi mwenyewe na kuzibandika katika ubao wa chuo. Mamake huniuliza kila Ijumaa kijana anarudi lini. Nami kila Ijumaa humpa jibu moja, kwamba mtoto ana kazi, tumwombee.